Nani Aliyekuwa na Shaba ya Katanga?



Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Moise Tshombe alitangaza kwamba jimbo la Katanga limejitenga. Wengi waliona ugomvi wa makabila na wanasiasa tu. Lakini nyuma ya ugomvi huo palikuwa na daftari la hisa, na daftari hilo lilikuwa Brussels.

Shaba na kobalti ya Katanga ilichimbwa na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Ilijenga nyumba, shule na hospitali za wafanyakazi wake, hata kwa mchimbaji wa kawaida kampuni ndiyo iliyokuwa serikali. Je, mwenye kampuni alikuwa nani?

Kwa kutazama orodha, wenye hisa walikuwa wengi. Kwa vitendo, usukani ulishikwa na Société Générale de Belgique, shirika la fedha lililoanzishwa mwaka 1822, kabla Ubelgiji yenyewe haijawa dola. Shirika hilo halikuhitaji kununua hisa zote. Lilishika sehemu hapa na sehemu pale, katika makampuni yaliyomiliki makampuni mengine, kisha likaweka watu wake katika bodi za wakurugenzi. Migodi, reli na benki zilikuwa na majina mbalimbali, lakini mabwana walikuwa walewale.

Dola ya Kongo nayo ilikuwa na haki yake. Halmashauri Maalumu ya Katanga, iliyoundwa mwaka 1900, ilikuwa na kura nyingi katika Union Minière. Ndani ya Halmashauri hiyo theluthi mbili zilikuwa za dola, na theluthi moja ya kampuni ya watu binafsi. Maadamu dola ndiyo iliyokuwa na sauti kubwa humo, kura zote zilifuata amri yake. Siku chache tu kabla ya uhuru, Wabelgiji waliivunja Halmashauri na kugawa hisa zake, na ile theluthi moja ikaenda zake pamoja na kura zake. Hakuna risasi iliyolia. Hata hivyo, serikali ya Patrice Lumumba iliingia madarakani ikiwa imekwisha kupokonywa funguo za ghala.

Yaliyofuata yanajulikana. Union Minière ilimlipa Tshombe kodi iliyostahili kwenda Leopoldville. Fedha hizo zililisha jandarmeri yake, maofisa wa Kibelgiji na askari mamluki. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mwezi Septemba mwaka huo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, akiwa njiani kuonana na Tshombe. Askari wa Umoja wa Mataifa, kutoka Ireland hadi India, walimwaga damu yao mpaka uasi ulipokwisha Januari 1963.

Mwanzoni mwa mwaka 1967 Rais Mobutu aliitaifisha Union Minière. Vigelegele vilipigwa. Lakini mwezi Februari mwaka huo huo kazi ya kuendesha migodi na kuuza madini ilikabidhiwa, kwa mkataba, kampuni nyingine ya ukoo uleule wa Société Générale. Mlango wa mbele ulifungwa, wa uani ukaachwa wazi.

Wala ukoo huo haukuwa adui pekee. Gécamines, shirika la taifa lililorithi migodi, lilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Kufikia mwaka 1994 halikufikisha hata tani 50,000, kwa kuwa watawala walikamua fedha zake bila kutengeneza mitambo. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Ndugu askari, ndugu polisi, mpaka wa nchi hauishii kwenye mto na jiwe la alama. Upo pia katika vyumba vya mikutano ambako hisa hugawanywa na mikataba hutiwa sahihi. Jandarme wa Katanga aliambiwa kwamba anapigania ardhi ya babu zake. Hakuonyeshwa lile daftari. Askari wa taifa huru anapaswa kujua ni mali ya nani anayoilinda, na wenye kutia sahihi kwa niaba ya wananchi wanapaswa kumwonyesha.