Nchi Jirani: Baada ya Kigali, Siku ya Pili

Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba mwaka 2025, macho ya wapenzi wa mchezo wa baiskeli duniani kote yalielekezwa katika mji wa Kigali, makao makuu ya jirani wa Tanzania, Rwanda. Mashindano ya ubingwa wa dunia ya mbio za barabarani yalifanyika kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Wenye maduka walifunga, watoto walipanda juu ya kuta, na vile vilima ambavyo kila siku huwachosha wauza maziwa na wabeba ndizi viliwatoa jasho mabingwa kutoka Ulaya.

Katika siku hizo nane wanawake hawakuwa watazamaji. Siku ya ufunguzi Marlen Reusser wa Uswisi alinyakua ubingwa wa mbio za kushindana na saa, kilometa 31.2. Tarehe 27 Magdeleine Vallieres wa Canada, ambaye ni wachache waliomtaja kabla ya hapo, aliwaacha wenzake katika mbio ndefu za kilometa 164.6. Wasichana walio chini ya umri wa miaka 23, ambao zamani walikimbia ndani ya mbio za wakubwa na kuhesabiwa humo humo, walipewa mashindano yao wenyewe kwa mara ya kwanza. Na katika mistari ya kuanzia walionekana wanawake wa Rwanda, wa Ethiopia na wa Mauritius.

Sasa barabara za Kigali zimefunguliwa, na magari yamerudi. Msichana wa Musanze au wa Bugesera aliyesimama kando ya njia akashangilia, naye anayo baiskeli na anao moyo, atakimbia wapi? Na atakimbia siku ngapi?

Hapana budi neno hili la siku lieleweke. Mbio za siku moja ni jambo kubwa, lakini mwendesha baiskeli hukomaa katika mbio za siku mfululizo. Katika mbio za namna hiyo muda wa kila siku hujumlishwa. Aliyepata pancha siku ya kwanza akapoteza dakika nne, huamka siku ya pili na dakika zake nne mgongoni. Mwaka 2024, katika mbio za wanawake za kuzunguka Ufaransa, Kasia Niewiadoma wa Poland alimshinda Demi Vollering wa Uholanzi kwa sekunde 4 tu baada ya hatua nane. Vollering alikuwa ameanguka katika hatua ya tano akapoteza zaidi ya dakika moja na nusu. Alipigana mpaka kilele cha mwisho kuirudisha, ikabaki hizo sekunde nne.

Tena kuna mwili wenyewe. Akiba ya nguvu iliyomo katika misuli hutosha kwa saa moja na nusu au mbili za mwendo mkali. Ikiisha, hakuna ujasiri unaoweza kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo mbio za kesho huanza dakika ile mtu anaposhuka kwenye baiskeli leo: wali, viazi, ndizi, uji, maji yenye chumvi na sukari kidogo, kisha kulala. Asiyekula kwa sababu ya uchovu huamka na miguu mitupu. Ngozi iliyochubuliwa na kiti siku ya kwanza huwa kidonda siku ya tatu. Mwanamke huenda pia akawa katika siku zake za mwezi, jambo ambalo viongozi wengi wa michezo wameona haya hata kulitaja, wala hawakulipangia faragha wala maji. Na mchezaji wa ridhaa, asiyelipwa mshahara wa mchezo, hana mtu wa kumkanda miguu. Baada ya mbio hufua nguo zake mwenyewe, hukaza spoki zake mwenyewe, na pengine hupiga simu nyumbani kuuliza kama mtoto amekula.

Kwa miaka mingi mambo kama haya yalitolewa kuwa sababu ya kuwakataza wanawake. Ilisemwa kwamba maumbile yao hayawezi kustahimili mbio za siku nyingi. Wanaume walikuwa na ubingwa wa dunia wa barabarani tangu mwaka 1921. Wanawake waliusubiri hadi mwaka 1958, na Elsy Jacobs wa Luxembourg akawa bingwa wao wa kwanza. Katika Michezo ya Olimpiki waliusubiri mchezo huu wa barabarani hadi mwaka 1984.

Mwaka huo huo wa 1984 ndio ulioiondoa hoja hiyo. Waandalizi wa mbio za kuzunguka Ufaransa waliweka mbio za wanawake pamoja na zile za wanaume. Walikuja wanawake 36, wote wa ridhaa, wakakimbia hatua 18 katika muda wa zaidi ya majuma matatu, wakipanda milima ile ile. Aliyeshinda alikuwa Marianne Martin wa Marekani, ambaye mapema mwaka ule alikuwa mgonjwa kwa upungufu wa damu. Takriban wote walifika Paris. Yeye alipata kikombe na kiasi cha dola 1,000. Laurent Fignon, mshindi wa wanaume, alipata zaidi ya dola 100,000. Mtu akitaka kujua udhaifu ulikuwa wapi, autafute katika hesabu hizo.

Hata hivyo kutaabika hakukuishia hapo. Katika jimbo la Idaho nchini Marekani yalikuwapo mashindano ya wanawake ya siku nyingi tangu mwaka 1984. Mwaka 1990 shirikisho la kimataifa, UCI, lilikataa kuyatambua, kwa hoja kwamba hatua zake ni nyingi mno, ndefu mno, na milima yake imezidi. Wanawake waliendelea kuyakimbia. Ni ajabu kwamba waliokuwa wakilalamikia urefu huo hawakuwa wao waliokalia baiskeli.

Turudi upande huu wa Afrika. Nchini Kenya, katika nchi ya Wamasai ya Mara, mwezi Juni mwaka 2021 zilianzishwa mbio za siku nne mfululizo katika njia za vumbi na kokoto, jumla yake kiasi cha kilometa 650. Wanaume na wanawake huanza pamoja, usiku hulala katika mahema, na asubuhi hupanda tena baiskeli zenye vumbi la jana. Waliozianzisha, miongoni mwao marehemu Sule Kangangi wa Kenya aliyefariki mbioni nchini Marekani mwezi Agosti 2022, waliona kwamba vijana wa Afrika Mashariki wanakwama kwa nauli na viza. Wakaamua kuwaita wageni waje huku. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko maombi mengi ya misaada. Wasichana wa Kenya na wa Rwanda wamepata mahali pa kupimana na wageni bila kuvuka bahari.

Kwamba shule ya namna hii hutoa matunda, mfano upo. Kimberley Le Court Pienaar wa Mauritius hakulelewa katika timu tajiri za barabarani. Alirudi katika mbio za barabara za Ulaya mwaka 2024, baada ya miaka ya mbio za milimani huko Afrika Kusini. Mwaka 2023 yeye na Vera Looser wa Namibia walishinda mbio za wanawake za Cape Epic, za siku nane mfululizo. Mwaka 2025 akashinda Liège–Bastogne–Liège nchini Ubelgiji, na mwezi Julai akavaa fulana ya njano ya uongozi wa mbio za wanawake za Ufaransa, Mwafrika wa kwanza kuivaa katika mbio hizo. Mtu aliyezoea kuamka siku ya sita na kupanda tena baiskeli hashangazwi na siku ya pili.

Rwanda nayo haikulala. Jeanne d'Arc Girubuntu alikwenda Richmond, Marekani, katika ubingwa wa dunia wa mwaka 2015, wakati ambapo vijijini kwao wengi bado waliona si adabu msichana kupanda baiskeli. Mwaka 2022 Diane Ingabire alichukuliwa na timu ya vijana ya Ulaya. Lakini hao ni mmoja mmoja, na katika mchezo huu mmoja ni mnyonge. Anayekaa nyuma ya mwenzake huokoa hata theluthi ya nguvu zake kwa kujikinga na upepo. Asiye na mwenzake hupambana na upepo peke yake siku nzima, na kesho yake hulipa.

Yapo pia yanayohusu upande wa Tanzania. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kuanzia Mwanza hadi Shinyanga, baiskeli ni chombo cha kila nyumba, na wanawake wa huko wamekwisha kushindana katika mbio za siku moja mbele ya umati mkubwa. Kutoka Kigali hadi daraja la Rusumo ni kiasi cha kilometa 160, takriban urefu ule ule ambao Vallieres aliumaliza siku moja. Ukigawanya safari hiyo kwa siku mbili, kisha ukaongeza ya tatu kuelekea Ngara, umepata mbio za nchi mbili zinazowafaa wachezaji wa ridhaa. Itabidi tu msafara ukumbushwe darajani kwamba Rwanda hupita kulia na Tanzania hupita kushoto.

Jibu litakalotolewa ni fedha. Ni jibu la kweli, kwani gharama kubwa ya mbio za siku mfululizo ni kufunga barabara, askari wa njiani, magari ya wagonjwa na madaktari. Lakini mbio za wanaume za kuizunguka Rwanda zipo tangu mwaka 1988, na kwa kawaida hukimbiwa mwezi Februari kwa siku nane. Kila siku ya mbio hizo barabara hufungwa, askari hupangwa, na daktari huwa tayari. Huko Ufaransa mwaka 1984 wanawake walitangulia asubuhi katika sehemu ya mwisho ya njia ile ile, wakamaliza kabla wanaume hawajafika, na watu waliokuwa wamekwisha kujipanga kando ya barabara waliwaona wote. Saa mbili au tatu za asubuhi, barabara ikiwa imekwisha kulipiwa: ndizo zinazohitajika kwa kuanzia.