Kipokezi Kikishaingia Ndani: Seli za Neva na Maumivu Yasiyoisha



Kwa miaka mingi tumefundisha kwamba kipokezi ni bawabu wa seli. Hukaa kwenye utando wa nje, hupokea homoni au kemikali ya neva, hupeleka habari ndani, kisha humezwa na seli. Kule kumezwa tulikuhesabu kuwa ndio mwisho wa kazi yake. Mafundisho hayo yana upungufu, na wagonjwa wenye maumivu ya kudumu ndio wanaoumia kwa upungufu huo.

Mwaka 2013 maabara ya Mark von Zastrow, San Francisco, ilichukua kingamwili ndogo sana iliyotokana na lama, mnyama wa jamii ya ngamia. Kingamwili hiyo hushika kipokezi cha adrenalini pale tu kinapokuwa kimewaka. Wakaiunganisha na protini inayong'aa kijani, wakaweka seli chini ya darubini, wakaongeza dawa inayofanana na adrenalini. Kwanza ukingo wa seli uling'aa. Dakika chache baadaye, vipokezi vilipokwisha kumezwa, vikatokea vitone vya kijani ndani kabisa, juu ya vifuko viitwavyo endosomu. Vipokezi vilikuwa vimehama, lakini bado vinasema.

Zile hazikuwa seli za neva. Kwenye neva, tuitazame dutu P, iliyogunduliwa na von Euler na Gaddum mwaka 1931. Tunapoumia, nyuzi za neva huimwaga kwenye uti wa mgongo, nayo hushika kipokezi kiitwacho NK1, ambacho humezwa upesi. Dawa za kuzuia NK1 zilipojaribiwa kwa binadamu hazikutuliza maumivu. Mojawapo, aprepitanti, imebaki kuwasaidia wagonjwa wa saratani wasitapike wanapopewa dawa kali, na hilo si jambo dogo. Lakini kwa maumivu, wengi walikata tamaa na kipokezi chenyewe.

Mimi naona walikata tamaa mapema. Mwaka 2017 Nigel Bunnett na wenzake walionyesha kwamba, katika panya, ukizuia NK1 isimezwe, neva za uti wa mgongo haziendelei kusisimka kwa muda mrefu. Kisha wakaifunga dawa ya kuzuia NK1 kwenye mkia wa mafuta ili isafiri na utando hadi ndani ya endosomu. Dawa ileile, kwa kufikishwa huko, ilituliza maumivu kwa muda mrefu kuliko isipofungwa. Panya si binadamu, lakini swali limebadilika: tusiulize tu dawa inashika kipokezi gani, tuulize inakishika kikiwa wapi.

Mofini nayo imo katika swali hili. Mwaka 2018 ilionekana kwamba hupenya yenyewe hadi kwenye sehemu iitwayo Golgi, ndani ya seli ya neva, na kuwasha vipokezi ambavyo peptidi za mwili zinazotuliza maumivu hazivifikii.