Kusomea Uuguzi Ukubwani

Hotuba ya wauguzi wa jumuiya katika sherehe ya Uhuru

  

Sisi wauguzi wa jumuiya hii tumeombwa tuzungumze juu ya swali tunaloulizwa karibu kila tukikutana, iwe msibani au harusini: "Na mimi naweza kusomea unesi? Kwa umri wangu huu?" Tumeona tulijibu leo mbele ya wote, watoto wakiwepo, kwa sababu mama au baba akirudi chuo, nyumba nzima imerudi chuo.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, maadui walikuwa watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Watoto, maneno haya mnayasikia kila mwaka tukikusanyika. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba wakati ule madaktari wazalendo wa nchi nzima walikuwa 12. Serikali haikungoja watoto wa shule wakue. Mwaka 1970 ulifanywa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Babu na bibi zetu walishika kalamu wakiwa na wajukuu. Kwa hiyo mtu wa miaka 40 akirudi darasani, asiambiwe ameiga wazungu. Amefuata nyayo za kwao.

Tuanze na jina lenyewe, maana linachanganya. Hapa Uingereza uuguzi una matawi manne: watu wazima, watoto, afya ya akili, na watu wenye ulemavu wa kujifunza. Ukisikia "uuguzi wa watu wazima", maana yake ni kuuguza wagonjwa watu wazima. Kijana wa miaka 18 anausomea, na mama wa miaka 45 anausomea, darasa moja. Wengi wetu tulisoma na wenzetu wanaolingana na watoto wetu. Wao walitufundisha kompyuta, sisi tukawafundisha namna ya kuongea na mgonjwa anayelia.

Tunaulizwa pia: "Kumhudumia mgonjwa kunahitaji huruma. Shahada ya nini?" Huruma ni ya lazima, lakini peke yake haimwokoi mtu. Tangu mwaka 2013 hakuna tena kozi mpya ya uuguzi iliyo chini ya shahada hapa Uingereza, na ipo sababu. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Linda Aiken katika hospitali za nchi tisa za Ulaya. Ulionyesha kwamba kila wauguzi wenye shahada walipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa aliyepasuliwa kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa pungufu kwa asilimia 7.

Tuwape mfano wa wodini. Muuguzi anapima vitu sita: kasi ya kupumua, oksijeni, presha, mapigo ya moyo, joto, na kama mgonjwa ana fahamu zake sawasawa. Kila kipimo kina alama zake, na alama hizo zinajumlishwa. Jumla ikifika 5, mgonjwa anahitaji kuangaliwa haraka. Ikifika 7, ni dharura. Mashine inaweza kujumlisha. Kujua kwamba huyu bibi anayesema "sijambo, mwanangu" anapumua mara 26 kwa dakika na hali yake inageuka, hilo mtu hulisomea.

Hesabu nazo zipo. Daktari ameandika miligramu 75. Chupa ina miligramu 50 katika mililita 2. Utavuta mililita ngapi? Watoto, fanyeni hesabu kabla hatujamaliza sentensi: ni mililita 3. Mtihani wa hesabu za dawa unapita kwa asilimia 100 kabla ya kumaliza chuo. Tisini na tisa ni kufeli, kwa sababu ile moja iliyobaki ni mgonjwa wa mtu.

Kwa kanuni za Baraza la Uuguzi na Ukunga, NMC, tulizosomea sisi, mwanafunzi hutimiza saa 4,600 katika shahada ya miaka mitatu. Nusu ni nadharia na nusu ni vitendo. Saa 2,300 za vitendo, ukizigawa kwa wiki ya kazi ya saa 37.5, ni zaidi ya wiki 60. Kuna zamu za usiku, za Jumapili, za Idi na za Krismasi. Unapangiwa wodi ya wazee, chumba cha upasuaji, au manesi wa mitaani wanaofunga vidonda majumbani. Kila mahali kuna msimamizi anayekuangalia na mtathmini anayetia saini. Jioni unarudi nyumbani na insha haijaandikwa.

Sasa, utaingiaje? Wengi hapa tulibeba maboksi, kisha tukaingia kazi za kuhudumia wazee kwenye nyumba zao za kulelewa. Yapo maneno yanayosemwa juu ya kazi hiyo, ya "kuosha vizee", na wanaosema ndio hao hao wanaopokea pesa yake kila mwezi. Sisi tunasema kazi hiyo ni mtaji. Aliyemgeuza mgonjwa kitandani kwa miaka mitano anajua kidonda cha kulalia kinavyoanza. Tena anajua jambo ambalo vitabu vingi vilichelewa kulisema: kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, hivyo unagusa, unasikiliza joto na ugumu wa mahali pale. Ukifika kwenye usaili wa chuo, usifiche kazi hiyo. Ianze nayo.

Asiye na vyeti vya sekondari vya hapa anaweza kusoma diploma ya Access, ambayo kwa kawaida ni mwaka mmoja, kwenye chuo cha mtaani. Hesabu na Kiingereza zinaweza kufanywa kwa mitihani ya watu wazima iitwayo Functional Skills, daraja la pili, lakini ulizia chuo unachokitaka kama kinaipokea. Maombi hupitia UCAS, na unaweza kuchagua kozi hadi tano. Tarehe kuu ya mwisho huwa Januari, na leo tuko Desemba, kwa hiyo anayetaka kuanza mwaka ujao asilale. Baada ya hapo kuna usaili, uchunguzi wa DBS wa rekodi za makosa, na ukaguzi wa afya na chanjo.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo ndoto nyingi zinapoishia. Ada kwa England ni zaidi ya pauni 9,000 kwa mwaka. Mwanafunzi mwenye haki ya mkopo wa serikali hatoi fedha hiyo mfukoni. Anakopeshwa, na kwa walioanza kuanzia Agosti 2023 anarudisha asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Aliyekopa kwa ajili ya diploma ya Access, salio lake la mkopo huo hufutwa akimaliza shahada. Pamoja na hayo, wanafunzi wa uuguzi wanaostahili hupata ruzuku ya NHS ya pauni 5,000 kwa mwaka, isiyorudishwa, na mwenye watoto wadogo anaowalea huongezewa pauni 2,000. Scotland na Wales zina taratibu zao, nazo huwalipia ada wanaostahili.

Hapa tuseme wazi mambo mawili. La kwanza ni makaratasi. Haki ya mkopo inategemea hadhi yako ya ukaaji na miaka uliyoishi hapa. Mwenye viza ya kazi kwa kawaida haipati, na huhesabiwa ada ya mgeni, ambayo ni kubwa zaidi. Usichukue jibu kwenye kundi la WhatsApp. Andikia chuo, upate jibu la maandishi kabla hujaacha kazi.

La pili ni riba. Ndugu zetu wengi Waislamu wameacha chuo kwa sababu ya mkopo wenye riba, na hatuwezi kumwambia mtu apuuze dini yake. Lakini ipo njia nyingine, nayo ni uanagenzi wa shahada. Mwajiri, mara nyingi hospitali ya NHS, anakulipa mshahara huku ukisoma. Ada hulipi, mkopo huchukui, na mwisho unapata shahada ile ile na usajili ule ule. Kwa kawaida inachukua miaka minne, na nafasi ni za kugombania. Anayefanya kazi hospitali leo kama mhudumu amuulize meneja wake wiki hii. Tunawajua watu waliokaa miaka kumi wodi moja bila kuuliza.

Sasa tunazungumza na waume, wake na watoto. Hakuna kati yetu aliyemaliza peke yake. Mama akiwa na zamu ya saa 12, mtu mwingine atapika ugali. Baba anayesema "nimemruhusu mke wangu asome" ajue kwamba kuruhusu hakuoshi vyombo. Na ndugu walioko nyumbani wanaosubiri pesa ya kila mwezi waambiwe mapema, kwa upole, kwamba kwa miaka mitatu mkono utakuwa mfupi. Kuna ndoa zilizotikisika, si kwa sababu ya masomo, ila kwa sababu hakuna aliyekaa chini kupanga. Kaeni chini mpange: nani anachukua watoto shuleni, nani analipa kodi, siku gani nyumba inanyamaza ili mtu asome.

Wazazi, tuna ombi moja zaidi. Mtoto akisema anataka uuguzi, msimwambie "kwa nini usiwe daktari?" Kazi hizi mbili ni tofauti, na mgonjwa anazihitaji zote. Vijana wa kiume nao wasichekwe. Wagonjwa wanaume ni wengi, na wapo wanaomngojea muuguzi mwanaume waseme kinachowauma.

Nanyi watoto, wengi wenu mmewahi kumtafsiria mama au bibi kwa daktari. Ni mzigo mzito kwa mtoto, na kwa utaratibu hospitali inapaswa kuleta mkalimani. Dai hilo, ni haki ya bibi yako. Lakini Kiswahili chenu msikitupe. Baadhi ya wazee wanapopata ugonjwa wa kusahau, Kiingereza walichojifunza ukubwani huanza kuwapotea, na wanabaki na lugha waliyonyonya. Jumuiya yetu inazeeka. Siku moja mzee wa hapa atalala wodini akiomba maji kwa Kiswahili, na itakuwa neema kubwa kama aliye zamu anamwelewa.

Tunamalizia na hospitali moja ya London, St Thomas'. Mwaka 1860 Florence Nightingale alianzisha hapo shule yake ya uuguzi. Mwaka 2016 ikasimamishwa kwenye viwanja vyake sanamu ya Mary Seacole, mwanamke wa Jamaica aliyejilipia safari kwenda kuwahudumia askari wa vita vya Crimea. Na ni katika hospitali hiyo, tarehe 14 Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alifariki dunia. Baba wa Taifa letu aliuguzwa siku zake za mwisho na manesi wa ugenini.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wageni tumekuja, na wenyeji kweli wanapona mikononi mwetu kila siku. Anayetaka kujiunga nasi asiondoke ukumbini bila kuonana nasi. Tutakaa meza ile iliyo karibu na mlango. Fomu tutazisoma pamoja, barua ya maombi tutaipitia pamoja, na hesabu za dawa tutafundishana Jumamosi jioni.

 Uhuru na Kazi!