Kushusha gari Texas: kila sentimita ina gharama yake

Jumapili jioni katika mitaa ya Houston, kama ilivyo Dallas na Fort Worth, hupita magari yaliyoshushwa hadi yakakaribia kugusa lami. Ni mtindo ulioasisiwa na Wamarekani wenye asili ya Mexico baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kijana aliyehamia huko kutoka Goma au Mombasa huutazama kwa matamanio, kisha hujiuliza: gari lishuke kiasi gani?

Waasisi walilikwepa swali hilo kwa ufundi. Sheria iliyoanza kutumika California mwaka 1958 ilikataza sehemu yoyote ya gari kuwa chini ya ukingo wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre alilifunga gari lake aina ya Corvette pampu za hidroliki, likawa linainuka barabarani na kuinama kwenye maonyesho.

Lakini wengi hawana pampu. Huondoa springi za kiwandani na kufunga zilizo fupi, na kimo kikishachaguliwa ndicho cha kuendea kazini kila siku.

Faida ipo. Uzito ukikaa chini, gari halilali sana kwenye kona. Hata hivyo, nafasi ambayo gurudumu hupanda na kushuka hupungua, hivyo springi fupi sharti iwe ngumu zaidi, na shokapu zilingane nayo. Anayekata springi kwa msumeno ili kuokoa fedha hujitafutia hatari, kwani inaweza kuchomoka mahali pake gurudumu linaponing'inia.

Kwa gari la kila siku, sentimita 2.5 hadi 4 kwa kawaida zinatosha. Kipimo kichukuliwe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kwanza gari likiwa tupu, kisha likiwa na abiria wote na mizigo. Ikiwa kwa uzito huo springi imekwisha kukalia mpira wa kizuizi, gari limeshushwa kupita kiasi.

Baada ya kazi hiyo, magurudumu yapangwe upya. Katika magari mengi hulalia ndani, na tairi huliwa upande usioonekana. Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa sababu tangu tarehe 1 Januari 2025 Texas imeacha ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari binafsi. Katika kaunti za Dallas, Tarrant na Harris kinachopimwa ni moshi tu. Mwenye gari amekuwa mkaguzi wake mwenyewe.

Ardhi nayo ina kauli. Udongo wa mfinyanzi wa maeneo hayo hutanuka kwa mvua na kusinyaa kwa kiangazi, ukiziinua na kuzipasua barabara. Houston ina mafuriko pia. Kimbunga Harvey, mwezi Agosti mwaka 2017, kilimwaga zaidi ya milimita 1,000 za mvua katika baadhi ya maeneo ya jiji hilo na jirani zake. Maji ya sentimita 30 yaendayo kasi huweza kusomba magari mengi madogo, na gari lililoshushwa hufikiwa mapema zaidi. Bima ya lazima ya Texas hulipia hasara aliyosababishiwa mtu mwingine. Gari la mwenyewe lililozama halimo.

Katika Arlington, jiji la watu karibu laki nne kati ya Dallas na Fort Worth, hakuna mtandao wa mabasi ya njia maalumu. Gari likiharibika, mara nyingi na mshahara umeingia mashakani.

Nairobi na Dar es Salaam mafundi hufanya kinyume: huweka spesa ili gari liyavuke matuta na mashimo. Hesabu ni ile ile. Kimo kinachofaa huamuliwa na barabara, maji na mzigo. Macho yapewe sentimita zitakazosalia.