Sungura wa Manyoya Marefu katika Joto la Pwani



Sungura wa kitoweo mnamjua. Leo nasema juu ya ndugu yake mwenye manyoya marefu, aitwaye Angora, kwa jina la kale la mji wa Ankara, nchini Uturuki. Kumfuga Diani au Msambweni ni kama kumfunika mtu blanketi mchana wa kaskazi, asiweze kulivua.

Mimi mwenyewe nilipoteza mmoja. Kizimba chake nilikiezeka bati, nikadhani kivuli ni kivuli. Adhuhuri moja ya mwezi wa Februari nalimkuta amelala ubavu, anahema mbio, masikio yana moto; hakufika alasiri. Sungura hatoki jasho kama sisi. Joto lake hutokea zaidi masikioni, na hewa ikizidi digrii 30 huanza kutaabika. Basi ezekeni makuti, tena chini ya mwembe, na ubavu mmoja wa kizimba uwe wavu mtupu ili upepo wa bahari upite. Siku za joto kali mwekeeni chupa ya maji baridi iliyoviringishwa kitambaa, apate kuiegemea. Akihema, loweshieni masikio yake maji ya kawaida, wala msimtumbukize majini.

Manyoya yafaa yakatwe kila miezi mitatu, na kabla ya kaskazi yawe mafupi kabisa. Kateni polepole, kwa maana ngozi yake ni nyembamba mno. Mchaneni kila siku mbili tatu, lakini msimwoshe: manyoya yakilowa hujisokota kama jamvi. Tena akijilamba huyameza, naye hawezi kutapika, hata tumbo likaziba. Kwa hiyo apewe nyasi kavu kwa wingi kuliko pumba. Akisusa chakula tangu asubuhi hata jioni, mpelekeni kwa daktari wa mifugo usiku huo huo kama yupo.

Wakati wa masika adui ni nzi. Hutaga penye uchafu karibu na mkia, na kwa muda wa siku moja tu funza hutoka wakaanza kumla angali hai. Mtazameni hapo asubuhi na jioni, hata kama mna haraka ya kwenda shamba.

Wenzetu wa Kwale mjini, huko juu karibu na vilima vya Shimba, wana nafuu ya hewa kuliko sisi wa ufukweni. Mimi sasa nafuga wa manyoya mafupi.