Nyuma ya Picha: Majarida ya Mitindo na Msichana wa Bonde la Ufa

Mhadhara wa umma uliotolewa Nakuru



Mada yangu leo ni majarida ya mitindo yanayosomwa na wasichana, pamoja na wanamitindo wanaopigwa picha humo. Wapo wanaodhani kwamba chuo kikuu kina mambo mazito zaidi ya kujadili. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Kurasa hizo humfundisha binti wa miaka kumi na saba mambo ambayo hakuna mtaala unaoyagusa: sura ipi inahesabiwa kuwa nzuri, ngozi ipi inafaa kuonekana, nguo ya thamani hutoka wapi, na pesa ya nguo hiyo huishia mfukoni mwa nani. Somo la namna hiyo halipaswi kuachwa bila kusahihishwa.

Hoja yangu ni moja. Jarida la mitindo humfaa msichana kwa kadiri linavyomwonyesha kilicho nyuma ya picha: aliyevaa ni nani, aliyeshona ni nani, kitambaa kimetoka wapi, bei ni ngapi, na yeye mwenyewe akitaka afanyeje. Lisipomwonyesha hayo, humwachia hamu tu, na hamu haijengi mtu wala mji.

Sura zetu katika kurasa za wengine

Afrika Mashariki haijawahi kupungukiwa na wanamitindo. Mwaka 1975 mpiga picha Mmarekani Peter Beard alimwona Iman jijini Nairobi. Iman alikuwa msichana wa Kisomali, binti wa mwanadiplomasia, mwanafunzi wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwenye lugha kadhaa kinywani. Alipofika Marekani, habari zilizotangulia kufika zilidai kwamba ameokotwa nyikani akichunga mifugo. Uongo huo ulitungwa ili picha iuzike. Sura ilikuwa yake. Maelezo yakawa ya watu wengine. Iman alikuja kuyakanusha kwa kinywa chake, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni ya vipodozi kwa ajili ya wanawake ambao maduka yalikuwa hayana rangi ya ngozi yao. Hapo ndipo alipoanza kuandika maelezo yake mwenyewe.

Sogeeni karibu na kwetu. Ajuma Nasenyana, binti wa Turkana, alipanda majukwaa makubwa ya Ulaya na Marekani, kisha akaitetea waziwazi ngozi nyeusi na sura ya asili ya mwanamke wa Afrika Mashariki. Halima Aden alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akahamia Marekani, akawa mwanamitindo wa hijabu katika majalada makubwa ya dunia, na mwaka 2020 akajitenga na maonyesho ya mitindo kwa sababu aliona kazi ile inamtaka aipunguze imani yake hatua kwa hatua. Malaika Firth, mzaliwa wa Mombasa, alitokea katika matangazo ya Prada mwaka 2013, takriban miaka 20 tangu kampuni hiyo ya mavazi imtumie Naomi Campbell, mwanamitindo mweusi wa mwisho kabla yake.

Na Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka mwigizaji Lupita Nyong'o kwenye jalada, lakini nywele zake zilizofungwa kisogoni zilikuwa zimeondolewa kwa kompyuta na zilizobaki kulainishwa. Lupita alizitoa picha zote mbili hadharani, ile ya asili na ile iliyohaririwa, kila mtu akajionea. Jarida likaomba radhi. Mwanamke yule alikuwa amekwishapata tuzo ya Oscar, na bado mtu mwingine alikaa mezani akaamua nywele zipi zibaki kichwani mwake. Je, msichana asiye na jina ana kinga gani?

Majarida yetu wenyewe

Tusijidharau, kwa maana tulikuwa na yetu. Toleo la Afrika Mashariki la jarida la Drum lilisomwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa miaka mingi, na warembo wake wa jalada walibandikwa kwenye kuta za vinyozi. Katika miaka ya 1970 Nairobi ilikuwa na Viva, iliyohaririwa na Salim Lone, jarida lililoweka mavazi na haki za wanawake ndani ya jalada moja bila kuona tabu. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1999, Femina ikawazungumzia vijana kwa Kiswahili kuhusu mapenzi, afya na maisha. Na katika miaka ya 2000 True Love ya Afrika Mashariki ikawapa wasomaji wa mjini picha zinazong'aa sawa na za ng'ambo.

Lakini ningependa tutue kidogo kwa jarida la Parents, lililoanzishwa na Eunice Mathu mwaka 1986. Jalada lake halikungoja mwanamitindo. Liliweka mume, mke na watoto, watu ambao msomaji angeweza kukutana nao kanisani au stendi ya matatu, na ndani wakasimulia maisha yao. Mhariri Mkenya aliamini kwamba mtu wa kawaida akioga, akavaa vizuri na kusimama mbele ya kamera, anatosha kuuza jarida. Jambo hilo tulilifanya mapema, kisha hatukulifikisha kwenye mavazi ya wasichana.

Walichokifanya Wajapani

Kwa hiyo twende Japani, ambako wazo hilo lilisukumwa mbali. Jarida la Sōen lilianza mwaka 1936 chini ya shule ya ushonaji ya Bunka, Tokyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nguo zilipokuwa adimu, wanawake wengi wa Japani walijifunza cherehani, na jarida hilo liliwapa picha pamoja na michoro ya kukatia kitambaa: mbele, mgongo, mkono, kola. Aliyelinunua angeweza kuivaa nguo ile, hata kama duka hakulifikia.

Kisha likaja an-an mwaka 1970, likafuatwa na non-no mwaka 1971. Hayo mawili hayakuishia Tokyo. Yaliwapeleka wasomaji katika miji ya kale na vijiji vya milimani, na wasichana wakapanda treni jarida likiwa mkononi, wakala na kulala huko. Miji midogo ikapata wageni kwa sababu ya kurasa zilizoandikiwa wasichana.

Baadaye majarida kama Popteen na egg yakawaita wasomaji wenyewe. Msichana wa shule aliyevaa kwa ubunifu alipigwa picha barabarani, akaulizwa kila kipande alikipata wapi, na mwezi uliofuata wenzake wakamwandikia. Huyo ni mwanamitindo-msomaji, na wasichana walimwamini kwa sababu maisha yake yalifanana na yao. Kuanzia mwaka 1997 mpiga picha Shoichi Aoki naye, katika jarida lake la FRUiTS, aliwapiga picha vijana wa mtaa wa Harajuku, akaandika chini ya kila picha umri, kazi na mahali nguo ilikotoka, hata ikiwa ya mtumba au ya kujishonea.

Kuna ukurasa mmoja katika majarida hayo ambao natamani kila mmoja wenu auone. Huchukuliwa nguo chache, tuseme kumi: sketi mbili, suruali, blauzi, sweta, koti, viatu. Kisha mwanamitindo mmoja anazivaa kwa siku thelathini, kila siku kwa mpangilio tofauti, na kando ya kila picha kuna bei na jina la duka. Leo mkutano, kesho mvua, keshokutwa harusi ya rafiki. Mwanafunzi wa chuo anayeishi chumba cha kupanga hapa mjini anaifanya hesabu hiyo kila Jumapili jioni akinyoosha nguo. Hajawahi kuiona ikiheshimiwa kwa kuchapishwa.

Siwapambi Wajapani. Majarida yao yamewashinikiza wasichana wakonde, yametukuza ngozi nyeupe, na mara nyingi yametafuta sura zenye damu ya Kizungu. Kadhalika intaneti imeyapiga: FRUiTS ilikoma mwaka 2017, na Seventeen, lililozaliwa mwaka 1968, liliacha kuchapishwa kila mwezi mwaka 2021. Kwao tujifunze namna ya kumpa msomaji nafasi. Vipimo vyao vya urembo tuwaachie.

Fundi na simu

Pitieni barabara za katikati ya Nakuru mwone baraza za maduka zilizopangwa cherehani. Msichana anafika na kitenge ndani ya mfuko, anatoa simu, anamwonyesha fundi gauni. Fundi anaikuza picha kwa vidole viwili. Anatazama mshono wa begani, anahesabu marinda, anakisia zipu iko ubavuni au mgongoni. Kisha anauliza: "Na nyuma iko aje?" Msichana hajui. Picha haina nyuma. Basi fundi anachukua tepu, anapima, anaandika namba kwenye kipande cha karatasi, na ule mgongo anaubuni mwenyewe kwa uzoefu wake.

Ubunifu huo ndio tunaoutupa kila siku. Fundi amekamilisha kazi ambayo mbunifu wa ng'ambo hakumwonyesha, na jina lake halitaandikwa popote. Msichana atasifiwa kwenye sherehe, gauni litasifiwa, na sifa zitamwendea mwenye picha ya kwanza.

Hali ni hiyo hiyo sokoni. Robota la mtumba likifunguliwa alfajiri, wajuzi huchagua kamera, zile nguo za kwanza kwa ubora, na jioni zilizobaki huuzwa fagia, kwa bei ya kutupa. Binti anayejua kuchagua ana jicho la mhariri wa mitindo. Lakini tangu milango ya biashara ifunguliwe mwanzoni mwa miaka ya 1990, robota hilo limeuzwa juu ya kaburi la viwanda vyetu vingi. Rivatex ya Eldoret ilisimama kwa miaka, Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007, na mwaka 2019 ikazinduliwa upya ikiwa na mitambo ya kisasa. Hapa Nakuru, Bedi Investments wanatengeneza vitambaa na sare. Mitambo ipo, mafundi wapo, macho yapo. Kinachokosekana ni ukurasa unaoviunganisha.

Ninachoomba

Nakuru ni jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, na jiji linahitaji jarida lake. Naomba idara zetu za uanahabari, mitindo na biashara zianzishe moja, kwa Kiswahili, la karatasi na la simu, kwa masharti manne. La kwanza: mwanamitindo awe msomaji, kutoka Njoro, Molo, Naivasha, Gilgil au Kabarnet, atajwe kwa ridhaa yake, alipwe, na aione picha kabla haijachapishwa. La pili: ngozi, nywele na mwili wake visiguswe na kompyuta. La tatu: chini ya kila nguo paandikwe fundi, kitambaa, bei, na soko ilikonunuliwa, mtumba ukiwemo. La nne: kila toleo libebe mchoro kamili wa nguo moja, mbele na nyuma, ambao fundi yeyote anaweza kuukata.

Wanafunzi wangu, msingoje wafadhili ndipo muanze. Kamera mnazo, lugha mnayo, na mafundi wako barazani mchana kutwa. Toleo la kwanza linaweza kuwa na kurasa nane tu. Likitoka, nitalinunua kwa bei yake kamili, na nitalifundisha darasani.