Mufuko ao sashi? Mazungumuzo juu ya chakula ya kuku

 

Wakati mulirudia hapa Mwadingusha, wengi mulianza na kuku tano-tano za mayai. Leo, mayai inatoka lakini feza haionekane. Munaniuliza: inapotea wapi? Ngambo kubwa inapotelea mu chakula, na namna tunainunua.

Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mufano tu, kila mutu ataweka za soko. Tuseme sashi ya kilo moja ni 1.800 F, na mufuko wa kilo 25 kule Likasi ni 35.000 F. Ongeza 3.000 F ya gari mupaka hapa: inakuwa 38.000 F. Gawanya na 25: kilo moja inafika 1.520 F. Sashi 25 zingekula 45.000 F. Unabakisha 7.000 F. Musisahau kuhesabu gari, juu njo inadanganya watu.

Tena, pimeni sashi. Siku moja nilinunua "kilo" moja, nikaiweka ku mizani: gramu 850. Kumbe kilo ya kweli nililipa zaidi ya 2.100 F!

Basi wote tukimbilie mufuko? Hapana, mungojee kidogo. Mwaka uliopita, mu masika, mimi mwenyewe nilishauri kila mutu anunue mufuko wake. Mama mumoja alikuwa na kuku tano. Kuku ya mayai inakula karibu gramu 120 kwa siku, kwa hiyo tano zinakula gramu 600. Mufuko wake ulikuwa wa siku 41! Aliuweka chini, ku ukuta. Mbele ya kuumaliza, kuvu iliingia, akatupa nusu. Kosa lilikuwa langu: nilihesabu feza, sikuhesabu siku.

Na kuvu si muchezo. Kuna moja inaleta sumu yenye kuitwa aflatoksini, na kupika hakuiondoe. Mu Kenya, mwaka 2004, muhindi wenye sumu hiyo uliua watu 125. Chakula yenye kuvu musipatie kuku, wala imbwa wa lupango, wala musiichanganye na ingine nzuri.

Sasa, njia yenye naona ni hii: watu watatu wenye kuku tano-tano wanunue mufuko mumoja pamoja. Kuku 15 zinakula kilo 1,8 kwa siku; mufuko unaisha kwa wiki mbili hivi, kuvu haipate nafasi. Kila mumoja analipa 12.700 F hivi, si 38.000. Najua shida yenu haiko hesabu, shida ni kupata feza nyingi siku moja. Njo maana muko na likelemba: muanze nayo.

Mufuko muuweke juu ya mbao ao matofali, mbali na ukuta, mudomo umefungwa. Mukigawanya, mutumie mizani, si kopo, na wote watatu wakuwe pale. Bila vile, mutabakisha feza na kupoteza undugu.

Mukutano wenye kuja, kila kikundi ilete karatasi yake: bei, gari, kilo, na siku mufuko uliisha. Na mimi nitaleta mizani.